Mji Usiohitaji Mlinzi

Umeme ukikatika kutwa nzima na kurudi jioni, kompyuta moja ya zamani iliyobaki ofisini kwetu hutoa harufu ya vumbi linaloungua. Vijana ninaofanya nao kazi hufungua madirisha wakilalamika. Mimi harufu hiyo naijua tangu nikiwa na miaka kumi na miwili, Ifakara, katika chumba chenye pazia la kijani na meza moja, na kila nikiinusa nakumbuka mpunga. Najua hayo mawili hayana undugu, ndiyo maana nimeona nieleze.

Nyinyi wa rika langu mnakumbuka tulivyokuwa. Televisheni tuliitazama kwa kusimama dirishani kwa watu, na mwenye nyumba akichoka na pumzi zetu anavuta pazia. Kompyuta wengi wetu hatukuwa tumeiona hata kwenye picha. Mimi niliiona mapema kwa sababu mama alikuwa akifua na kupiga pasi kwa familia moja ya Wazungu waliokuja kuchunguza mbu. Mume alishinda maabara akihesabu mbu waliokufa na waliopona. Mke tulimwita Mama Hana, kwa jina la mtoto wao, msichana wa umri wangu aliyekulia pale pale Ifakara na kuongea Kiswahili kama sisi, matusi yakiwemo. Jumamosi alasiri nilipeleka nguo zilizopigwa pasi, na Hana alikuwa akinisubiri barazani.

Nieleze kwanza habari ya nyumbani, maana bila hiyo mengine hayatakuwa na uzito. Baba alikuwa amefariki. Mama, mimi na mdogo wangu Beda tulikaa chumba cha uani kwa baba mdogo. Sisemi kwamba walitutesa. Walituvumilia, na kuvumiliwa nako kuna kero yake: mke wa baba mdogo alikuwa akifunika chombo cha chumvi kila mama anapopita jikoni. Mama alinunua kiwanja kidogo upande wa stesheni, akafyatua matofali mabichi, akasimamisha kuta za vyumba viwili mpaka usawa wa lenta, juu ya milango. Hapo fedha ikaisha. Kuta tulizifunika nyasi na viroba kwa juu ili masika ya kwanza yasizile. Tofali bichi linaweza kuvumilia masika moja likifunikwa hivyo. Masika ya pili halivumilii.

Basi mama akakodi ekari tatu ng'ambo ya mto, njia ya Lupiro, akapanda mpunga. Nyumbani kwetu mpunga ule ulikuwa ukiitwa bati. Beda akiuliza tutahama lini, mama anamjibu, "Bati bado linachipua." Beda aliamini kwa muda mrefu kwamba mabati yanaota shambani, na mimi sikumsahihisha, kwa sababu kwa hesabu ya mama hakuwa amekosea sana.

Sasa turudi kwa Hana. Katika chumba kile cha pazia la kijani, kwenye kompyuta ya baba yake, mlikuwa na mchezo wa kujenga mji. Unapewa ardhi tupu yenye mto na fedha za kuanzia. Unajenga nyumba, watu wanaingia kutoka ukingoni mwa ramani wakivuta mikokoteni, wadogo kama punje za mchele, wanahamia. Kisha wanataka maji, wanataka chakula, wanataka kazi, na kila unachojenga kinapunguza fedha. Wafanyakazi unawalipa wewe. Fedha ikiisha kabla mavuno hayajaingia ghalani, mji wote unasimama, watu wanafungasha mikokoteni yao na kutoka walikoingilia. Maneno yote yalikuwa ya Kiingereza, Hana ndiye alinitafsiria. Fedha ile aliiita hazina, nadhani alilipata neno hilo kanisani.

Siku ya kwanza aliyoniachia kipanya nilijenga mji kama ninavyoujua mji. Mashamba niliyaweka bondeni kando ya mto, kwenye udongo ambao Hana alisema una rutuba. Nyumba nikaziweka mbali kabisa, upande wa pili, mwinuko ambako mafuriko hayafiki. Kisha nikaegemea kiti nikisubiri watu wahamie shamba. Kwetu mvua zikishika watu hufunga milango, hubeba sufuria, kuku na watoto, wakaenda kuishi kwenye madungu mpaka mavuno. Dungu ni kibanda cha miti kilichoinuliwa juu, unalala humo na mpunga wako uko chini yako pande zote. Darasa letu kipindi hicho lilibaki nusu, na mwalimu aliita majina kwa mazoea tu. Nikasubiri. Mashamba yakabaki tupu, hazina ikawa inashuka, na wale watu wangu wakazurura barabarani bila kazi mpaka mji ukafa.

Hana alicheka hadi akakaa chini. "Pela, hawa hawahami. Wanalala nyumbani kwao, asubuhi wanakwenda kazini, jioni wanarudi. Shamba likiwa mbali hawaendi."

"Na ndege nani anaamia wasile mazao?"

"Ndege gani? Humu hakuna ndege."

Nilimwona yeye mjinga na mchezo wake wa kijinga. Lakini sikupenda kushindwa, na nilikuwa mzuri wa hesabu, si kujisifu, hata mwalimu aliyeita majina kwa mazoea alikuwa akiniita ubaoni kwa makusudi. Jumamosi mbili baadaye nilishaujua mchezo kuliko mwenyewe. Hana alipenda mapambo. Akipewa fedha za kuanzia alinunua bustani, chemchemi na barabara ya mawe hata kabla watu hawajapata kisima. Nikamwambia aache. Nyumba sita tu mwanzoni, kisima, shamba moja, ghala, basi. Subiri mavuno ya kwanza. Mtu asiye na kazi ya kuonekana usimwajiri, anakula mshahara bure. Mavuno yakiingia, ongeza nyumba nne. Hivyo hivyo, kwa ubahili, hazina ikawa haishuki.

Kulikuwa na jengo moja ambalo tuligombania kila mara. Lilikuwa mnara wa walinzi. Hana aliupenda kwa sababu ukiujenga wanatoka wanaume wanne wenye mikuki wanaopiga doria, kisha wanarudi chini ya mnara na kukaa tu. Niliwatazama wale wanne kwa chuki ya kweli. Hawalimi, hawachoti maji, hawabebi mzigo, na kila mwezi wanalipwa sawa na mkulima. Hana akienda kunywa maji mimi nabomoa mnara. Akirudi tunagombana. Lakini hazina ilikuwa upande wangu, na hakuna aliyewahi kuja kutushambulia.

Hakuna aliyewahi kuja kwa sababu hatukuwahi kufika mbali. Baba yake Hana alikuwa amekataza kabisa tusihifadhi kitu chochote katika mashine ile, akihofia hesabu zake za mbu. Umeme nao ulikatika karibu kila Jumamosi, na usipokatika Mama Hana alituita tukale, anazima. Kwa hiyo kila wiki tulianza ardhi tupu, fedha za kuanzia, nyumba sita, kisima. Mwanzo wa mji niliujua kuliko ninavyoijua sala ya Baba Yetu. Yanayofuata mwanzo sikuyajua kabisa. Nimekuja kuona ukubwani, kijana wa jirani akicheza mchezo wa namna ile kwenye simu, maadui wakiibuka mwaka wa kumi na kuchoma mji wote. Kijana alipiga kelele. Mimi nilimwuliza tu kama alikuwa amejenga mnara, akanitazama kwa mshangao, hakutegemea mama mtu mzima aulize hivyo.

Mpunga ulipomaliza palizi ya pili mama alikanyaga kisiki. Kilimwingia unyayoni, mguu ukavimba mpaka kwenye kifundo, hospitali wakaupasua na kuufunga bendeji, wakamwambia asikanyage matope mwezi mzima. Shamba la mpunga ni matope tupu. Kule shambani alibaki Mjomba Kasiani peke yake.

Hakuwa mjomba wetu wa damu. Alikuwa mtu wa Mlimba, aliyeshuka kwa treni kila msimu kutafuta kibarua, na huo ulikuwa mwaka wa tatu kwa mama, wa kwanza ng'ambo ya mto. Mtu mrefu, mkimya, mwenye kikohozi cha tumbaku. Kulima na kupalilia alilipwa kwa ngwe, yaani kwa kipande cha shamba kilichopimwa, kama wengine, lakini wengine walipomaliza ngwe zao walikwenda zao, yeye akabaki dunguni kulinda. Makubaliano yalikuwa posho ya kila wiki, yaani unga, maharage, chumvi na tumbaku kidogo, na siku ya kuvuna achukue gunia mbili za mpunga. Hayo yalisemwa mbele yangu, mama na yeye wakiwa wamesimama, bila karatasi.

Kazi ya kupeleka posho nikapewa mimi. Jumamosi alfajiri nilichukua baiskeli ya marehemu baba, niliyoiendesha kwa kupitisha mguu mmoja chini ya bomba la fremu kwa sababu ya ufupi, nikaenda mpaka kivukoni, nikavuka na akina mama wa samaki, kisha njia ya Lupiro mpaka nishuke kwenye matope nianze kusukuma. Mama alinipa fedha asubuhi, nikanunua posho mwenyewe sokoni. Alinitegemea. Alimwambia mke wa baba mdogo, nikisikia, "Pela nikimpa shilingi anarudi na chenji na maelezo." Nilitembea na sentensi hiyo siku nyingi.

Kila nilipofika nilimkuta Mjomba Kasiani amelala chali dunguni. Au amekaa anasuka mkeka. Au anavuta tumbaku huku mguu wake mmoja unavuta kamba, kamba iliyokwenda mbali na kufungwa makopo, yakagonga kidogo, yakanyamaza. Chini yake mpunga umesimama kijani, hauna hata jani moja la kupalilia. Mara ya kwanza sikuwaza kitu. Mara ya pili niliwaza. Mara ya tatu nikiwa kivukoni na mfuko wa unga mgongoni, nilikuwa nimeshapiga hesabu: posho ya wiki sita mpaka mavuno, jumlisha gunia mbili. Gunia zile mbili nilizihamishia upande wetu, nikazigeuza mabati kichwani, nikaona zinafunika karibu nusu ya chumba cha Beda.

Sikuuliza usiku anafanya nini. Mimi nilifika saa nne asubuhi na kuondoka saa sita. Nguruwe pori huja usiku, na Mjomba Kasiani alikuwa akilala mchana kwa sababu usiku kucha alipiga debe na kuzunguka na kijinga cha moto. Na ndege nilikuwa nawajua kwa maneno tu, kwa vile baba alipokuwa hai tulilima karibu na mji, wakubwa wakaamia, sisi watoto tukala pepeta, mpunga mchanga uliokaangwa na kutwangwa. Mpunga ule ulikuwa bado haujatia maziwa, punje zilikuwa tupu. Ndege hawaji kula majani.

Jumamosi ya nne sikununua posho. Fedha niliificha kwenye kopo la maziwa, nikiwa na nia ya kumkabidhi mama yote siku ya mavuno, nione uso wake. Nilifika shambani, nikamsalimia kutoka chini.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Leo huna mzigo?"

"Mama amesema basi. Palizi imekwisha, kazi hakuna. Amesema uende nyumbani kupumzika."

Alikaa. Aliutazama mpunga, kisha akanitazama mimi muda mrefu. "Mama yako amesema hivyo mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Na mavuno?"

"Tutavuna wenyewe."

Hakubisha. Alishuka, akakunja mkeka ambao haujaisha, akafunga sufuria yake kwenye shuka. Unga uliobaki kwenye kopo, vikombe viwili hivi, aliuacha juu ya dungu, akasema ni wa mama. Nilimpakia mzigo wake kwenye baiskeli tukasukuma pamoja mpaka kivukoni. Upande wa pili akaenda stesheni kwa miguu. Nakumbuka nilijisikia vizuri sana. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kwamba moyo ulinisuta hata kidogo, lakini haukunisuta.

Nyumbani nikasema kila kitu kiko salama, Mjomba anasalimia. Wiki iliyofuata mama akanipa tena fedha ya posho, nikaitia kwenye kopo la maziwa, nikaenda kivukoni, nikakaa na akina mama wa samaki mpaka saa sita, nikarudi. Wiki ya pili nikaona nifike, angalau nione bati letu linaendeleaje.

Niliwasikia kabla sijawaona. Ilikuwa sauti ya mvumo, mfululizo, nikadhani ni trekta. Kisha nikatoka kwenye matete na nikaona shamba linasogea. Kweleakwelea walikuwa wametua ekari zote tatu, na kundi lingine liko hewani likisubiri nafasi. Mpunga ulikuwa umetia maziwa ndani ya siku zile kumi na nne. Niliingia nikipiga kelele, nikapiga makofi, nikavua gauni la juu nikalipunga. Waliruka mbele yangu na kutua nyuma yangu. Nilipanda dunguni, nikavuta kamba ya makopo kwa nguvu zote, ikakatika. Upande wa mtoni mpunga ulikuwa umelala chini, umefukuliwa, na matope yamejaa alama za kwato za nguruwe. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nilikaa pale nikilia kwa sauti, na ndege wakaendelea kula bila kunijali.

Nilimwambia mama siku hiyo hiyo. Si kwa uaminifu, ni kwamba hapakuwa na uongo wa kutosha. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mguu juu ya tofali. Nilieleza yote, nikaleta na kopo la maziwa na fedha za posho za wiki tatu. Hakulishika.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Ulitumia mdomo wangu," alisema. Basi. Hakunipiga, na mimi nilitamani anipige, maana kipigo nilikijua kina mwisho.

Alfajiri yake alifunga mguu ule kwa mfuko wa plastiki na kamba ya katani, akavuka mto. Beda aliachwa kwa mke wa baba mdogo, mimi nikatolewa shule. Tulikaa dunguni wiki nne, mama na mimi. Mchana nilirusha udongo kwa kombeo mpaka bega likafa ganzi, usiku nilipiga debe. Ndipo nilipojua kwa nini Mjomba alilala mchana. Tulitegemea gunia thelathini. Tulipata saba, na tukashukuru kwa hizo. Mguu wa mama ulipona vibaya, mpaka leo anautupa kidogo akitembea.

Baada ya mavuno mama alipakia gunia mbili kwenye mkokoteni, akaniambia nivae viatu. Tulikwenda stesheni. Nilidhani Mlimba mpunga una bei nzuri mwaka ule, na nikiwa nimekaa dirishani mwa treni nilianza, kwa ujinga wa kudumu, kupiga hesabu ya bati zitakazopatikana kwa gunia mbili. Mama alikuwa amefumba macho. Karibu tufike alisema bila kufumbua, "Ulimwambia aende, sasa utamwambia kwa nini. Mimi nitasimama tu."

Nyumba ya Mjomba Kasiani ilikuwa mwendo mfupi kutoka stesheni, ya nyasi, safi, imefagiliwa. Alitoka na kikohozi chake. Mke wake, Mama Maiko, alituletea mkeka, nikautambua, ni ule, sasa umeisha. Gunia zikashushwa mlangoni. Mama akasimama kama alivyosema.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba."

"Mama hakusema uende. Nilisema mimi. Niliona umelala, nikaona unakula bure. Nisamehe."

Nilikuwa nimejifunza maneno hayo njia nzima na yakaisha haraka mno. Mjomba Kasiani alikaa kwenye gogo, akatikisa kichwa taratibu.

"Nilijua, mwanangu. Mama yako angetaka niende angekuja mwenyewe, hata kwa mguu mmoja."

Hapo nikachanganyikiwa. Mimi niliamini nilimdanganya, na nilikuwa nimebeba aibu ya mtu aliyedanganya vizuri. "Sasa kwa nini uliondoka?"

"Wewe ndiye ulikuwa na unga," alisema. "Hukuja nao. Ningekaa nikila nini?"

Hakusema kwa hasira, alinieleza tu kama unavyomweleza mtoto njia ya kufika dukani. Mama Maiko alikuwa akizipapasa gunia. Alimwambia mama, si mimi, kwamba tumefika wakati mzuri, kwa sababu tangu Mjomba arudi walikuwa wanakula mihogo, na kijana wao Maiko, aliyekuwa darasa la saba, ameona hali hiyo akashuka kwenda kutafuta kibarua cha kukata miwa. Walimwambia asubiri mtihani, akasema atarudi. Hajarudi bado. Na hilo alilisema kwa sauti ile ile ya kawaida, kisha akaingia ndani kututafutia maji ya kunywa.

Ningependa kusema kwamba nilielewa mengi siku ile. Nilielewa kimoja. Nilipokuwa nahesabu posho na gunia mbili nilikuwa na Mjomba Kasiani mmoja tu kichwani, amelala chali. Hakuwa na mke, hakuwa na kijana wa darasa la saba, hakuwa na mahali pa kwenda. Alipovuka kivuko, kwangu alikuwa amekwisha.

Kwenye treni ya kurudi nilimwuliza mama bati sasa itakuwaje. Alisema gunia tano tutakula, kuta zikianguka tutafyatua matofali mengine, udongo haununuliwi. Masika yalipokuja zilianguka kweli, hazikuanguka kwa kishindo, zililainika tu kila siku kidogo, pembe zikapotea, mpaka pakabaki vichuguu vinne ambavyo mbuzi wa jirani walipanda. Tulikaa kwa baba mdogo miaka mingine miwili. Kiangazi nilifyatua matofali kila nikitoka shule. Mama hakuniambia nifyatue, na hakuniambia niache. Kwa Hana niliendelea kupeleka nguo, lakini nilizikabidhi barazani na kurudi.

Msimu uliofuata Mjomba Kasiani alishuka tena kwa treni. Sikutegemea. Mama naye alifanya jambo ambalo sikulitegemea: Jumamosi ya kwanza alinipa fedha ya posho mkononi, nzima, bila maelezo, akarudi kwenye pasi yake. Nilinunua unga, maharage, chumvi na tumbaku, nikavuka, nikasukuma baiskeli mpaka chini ya dungu. Mjomba alikuwa macho, amekaa, miguu ikining'inia. Aliitikia shikamoo yangu, lakini hakushuka kupokea mfuko.

"Leo umetumwa na maneno gani?"

Aliniuliza hivyo kila Jumamosi, msimu mzima na uliofuata, na kila mara alisubiri jibu kabla ya kunyoosha mkono.

"Sina maneno, Mjomba," nilimjibu. "Nimeleta unga tu."